Weusi Unaolinda Chuma: Habari za Saa Nyeusi na Jembe la Ukinga

Chombo cha chuma kinapokuwa cheusi, wengi wetu huwaza mambo mawili tu: ama ni masizi ya jikoni, ama ni uchafu unaotaka kusuguliwa kwa mchanga na majivu. Mimi nami nilikuwa mmoja wa watu hao. Nimeadhibiwa mara mbili kwa sababu ya ujinga huo, mara ya kwanza kwa jembe, na mara ya pili kwa saa ya mkono. Adhabu hizo zilinifanya nitafute habari za ule weusi ambao wanadamu huuvisha chuma kwa makusudi, ili kisiliwe na kutu. Nimeona si vema niyaweke peke yangu niliyoyapata, maana saa nyeusi zimejaa katika magulio yetu, na fedha inayozinunua ni ya jasho la mpunga na kakao.

Nyumbani kwetu, karibu na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, lilikuwapo jembe la kale lisilo na mpini. Babu alituambia kwamba lilishuka kutoka Ukinga katika siku za babu yake. Lilikuwa jeusi, wala si kwa rangi iliyopakwa. Weusi wake ulikuwa umetulia, kama weusi wa mbegu ya mpapai. Siku moja shule yetu ilitaka kuwaonyesha wazazi vitu vya kale. Mimi kwa bidii ya ujana nikalichukua jembe lile, nikalisugua kwa msasa usiku kucha, hata likang'aa kama fedha. Watu walilisifu sana. Babu peke yake hakulisifu. Alilishika, akaligeuza huku na huku, akasema, "Mjukuu wangu, umelivua nguo."

Sikumwelewa. Lakini ninyi mnajua mvua za Kyela. Katika mwaka mmoja hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na mwezi wa Aprili hata nguo za sandukuni hushika ukungu. Mvua zilipokwisha, jembe lililokaa salama muda wa maisha ya watu wanne lilikuwa jekundu lote, na kutu yake ilidondoka kama pumba.

Adhabu ya pili ilikuja baada ya miaka michache. Nilinunua gulioni saa ya mkono, nyeusi tangu kasha lake hata mkanda, nikafurahi kwamba sasa ninacho chombo cha kiume kisichoonyesha uchafu. Hata masika ya pili, pembe za kasha zikaanza kuwa za manjano, na mkononi mwangu kukawa na alama ya kijani kila jioni. Mtoto mmoja darasani akaniuliza, "Mwalimu, mbona saa yako inabambuka?" Nikampelekea fundi. Akaichungulia kwa kioo chake, akanijibu, "Mwalimu, hii si chuma. Ni shaba ya njano iliyovishwa weusi mwembamba. Jasho lako limepata mlango."

Basi, tazama: jembe niliuvua weusi uliokuwa kinga ya kweli, na saa niliusadiki weusi uliokuwa vazi tu. Je, tofauti ya weusi huu na ule ni nini? Tuanze na adui mwenyewe.

KUTU NI NINI?

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Hupatikana katika mawe na udongo, kimeshikamana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoivuta ili tupate kuishi. Mhunzi hukitenga kwa moto mkali na makaa. Lakini chuma hakisahau asili yake. Kikipata maji na hewa pamoja, hurudi polepole kushikamana na oksijeni, nacho hugeuka kuwa udongo mwekundu. Huo ndio kutu. Ubaya wake ni kwamba haushikamani na chuma kilicho chini yake. Huvimba, hupasuka, huanguka, ukiacha chuma kipya wazi, nacho huliwa tena, hata chombo kiishe.

Walakini chuma na oksijeni huweza kushikamana kwa namna nyingine. Chuma kikipata joto kali, hushika utando mweusi ambao ndani yake chembe 3 za chuma hukaa na chembe 4 za oksijeni. Utando huu ni wa jamii moja na jiwe jeusi la sumaku lichimbwalo ardhini. Nao hukishika chuma kwa nguvu, hauvimbi wala haudondoki upesi, na ukinyweshwa mafuta huzuia maji yasifike chini. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba kutu una ndugu wawili: mwekundu ni mharibifu, na mweusi ni mlinzi. Ustadi wote wa zamani wa kuvisha chuma weusi ulikuwa ni kumwita mlinzi kabla mharibifu hajafika.

WAHUNZI WA UKINGA

Wazee wetu waliujua utando huu kwa macho na mikono, ijapokuwa hawakuuita kwa majina ya vitabuni. Wakinga wa milima ya Livingstone, inayosimama kama ukuta juu ya ziwa upande wa mashariki, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma na kukifua. Majembe na mikuki yao ilishuka mpaka bondeni kwa Wanyakyusa, ambao walikuwa na chakula kingi na ng'ombe, lakini hawakuwa na chuma cha kutosha. Jembe lilikuwa mali kweli kweli. Halikuwa kitu cha kununua leo na kutupa kesho.

Mhunzi ye yote anapofua chuma, nyundo huangusha magamba meusi kuizunguka fuawe. Magamba hayo ndiyo utando tuliousema, uliokuwa mnene mno hata ukavunjika. Lakini sehemu yake iliyo nyembamba hubaki imeng'ang'ania. Na chuma kikiwa bado moto kikapakwa mafuta, mafuta huungua na kuingia katika vitundu vidogo vidogo vya utando ule, nao huzidi kuwa mweusi na kuzuia maji. Wahunzi wa mataifa mengi wamefanya hivi tangu kale, kwa maana ni kazi ya moto ule ule na haidai gharama nyingine. Jembe likilimiwa, makali yake hung'aa kwa kusuguliwa na udongo, lakini bega lake hubaki jeusi. Ule weusi nilioumaliza kwa msasa katika usiku mmoja ulikuwa kazi ya mwisho ya mhunzi.

Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipozidi kuletwa, tanuru za Ukinga zilizimika moja baada ya moja. Pamoja nazo yalizimika maarifa mengi. Sisi tuliozaliwa baadaye tulifundishwa na maduka kwamba kizuri ni king'aacho.

KUTOKA KATIKA BUNDUKI HATA KATIKA SAA

Huko Ulaya, watu waliojifunza sana kuvisha chuma weusi walikuwa mafundi wa bunduki. Mtutu mweupe una hasara mbili. Kwanza hushika kutu upesi, maana askari hulala nao mvuani. Pili humetameta juani, na adui huuona toka mbali. Kwa sababu hiyo mitutu ilitiwa rangi ya hudhurungi, au ya bluu iliyo karibu na nyeusi.

Njia yao moja ni ya ajabu, nami nataka kuieleza vizuri, kwa kuwa nitairudia mwishoni. Fundi husafisha mtutu hata usibaki na mafuta yo yote. Kisha huupaka maji yenye asidi, akautundika mahali pa joto na unyevu, ili kwa makusudi ushike kutu! Baada ya saa kadhaa huwa umefunikwa na kutu mwekundu mwembamba, kama vumbi. Ndipo huutia katika maji safi yanayochemka. Humo majini kutu mwekundu hugeuka kuwa mweusi. Fundi huutoa, husugua vumbi lililolegea kwa burashi laini ya waya, na huanza tena. Hufanya hivyo mara nyingi, na kila mara utando huzidi kuwa mzito. Mwisho huupaka mafuta. Hivyo kutu hushindwa kwa kutu.

Wazee wa pwani yetu waliziona bunduki za namna hiyo mikononi mwa askari wa Wajerumani, na baadaye katika vita vilivyoanza mwaka 1914, wakati majeshi yalipopigana Karonga mwezi wa Septemba, na tena wakati Waingereza walipovuka mpaka wa Songwe mwezi wa Mei 1916. Kila askari alifundishwa kuifuta bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta. Amri ile ilikuwa na sababu: utando mweusi usio na mafuta ni ukuta wenye matundu.

Mafundi wa saa wa Uswisi na Ujerumani waliona kazi hiyo ya bunduki, wakaiiga. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na miaka ya kwanza ya karne ya 20, walitengeneza kwa wingi saa za mfukoni zenye makasha ya feleji iliyotiwa weusi. Kwao weusi wa moto haukuwa jambo geni kabisa, maana tangu zamani walikuwa wakichoma akrabu na skurubu za saa hata zikawa za bluu, kwa uzuri na kwa kuzuia kutu. Sasa wakalivisha kasha lote. Tena mwaka 1876 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Profesa Barff, alikuwa amevumbua njia ya kukifanya chuma kiwe cheusi kwa kukipitishia mvuke wa maji kikiwa kimepata moto mwekundu.

Kwa nini watu walizipenda saa hizo? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni bei: feleji ilikuwa rahisi kuliko fedha na dhahabu, na weusi uliipa heshima. Ya pili ni uimara, kwa kuwa feleji haibonyei upesi kama fedha. Ya tatu ni desturi ya maombolezo. Malkia Victoria alifiwa na mumewe mwaka 1861, naye alivaa nguo nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1901. Katika siku zake mapambo meusi yalivaliwa sana na watu waliofiwa, na saa nyeusi ilifaa kwa mtu asiyetaka kumetameta mbele ya msiba.

SAA YAHAMA MFUKONI

Kwetu, hesabu ya saa na dakika ilizidi kuhitajiwa tangu mwaka 1891, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika kaskazini mwa ziwa, wakajenga vituo na kupiga kengele za shule na za ibada. Lakini saa ya mtu binafsi ilikuwa bado saa ya mfukoni. Vita vya 1914 hata 1918 ndivyo vilivyoihamisha. Askari aliye handakini hawezi kufungua vifungo vya koti kila anapotaka kujua wakati. Ilimpasa kuifunga saa mkononi. Vita vilipokwisha, wanaume waliokuwa wakiicheka saa ya mkono kuwa ni pambo la wanawake waliendelea kuivaa.

Hapa ndipo weusi wa zamani uliposhindwa. Saa ya mfukoni hukaa pakavu, imefunikwa kwa kitambaa. Saa ya mkono hukaa juu ya ngozi, na ngozi hutoa jasho, na jasho lina chumvi. Utando mweusi wa feleji husuguliwa na kono la shati, mafuta yake huisha, chumvi huingia katika vitundu, na kutu mwekundu huchipuka. Kwa hiyo mafundi waliuacha weusi, wakatafuta kinga nyingine. Katika miaka ya 1920 walijifunza kuvisha makasha ya shaba kwa kromi, kwa nguvu za umeme. Kisha kikaenea chuma kisichoshika kutu, ambacho kilivumbuliwa karibu na mwaka 1912 na 1913, Ujerumani katika kiwanda cha Krupp, na Uingereza na Harry Brearley wa mji wa Sheffield.

Siri ya chuma hiki ni kwamba kimechanganywa na kromi. Kromi iliyo juu yake hushikamana na oksijeni, na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe papo hapo. Yaani nguo yake huota upya kama ngozi ya mtu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, chuma hiki hakikubali kwa urahisi kutiwa weusi kwa njia ya kutu, maana hakishiki kutu. Basi kwa miaka mingi saa za mkono zilikuwa nyeupe kama fedha au za mchovyo wa dhahabu, na weusi ulibaki katika nyuso zake tu, hasa kwa saa za wanajeshi, ili tarakimu zing'aazo usiku zisomeke vizuri.

WEUSI WARUDI

Mwaka 1972 mtu aitwaye Ferdinand Alexander Porsche, wa ukoo ule wa magari, alibuni saa ya mkono iliyokuwa nyeusi yote, kasha na mkanda wake, nayo ikatengenezwa na kiwanda cha Orfina. Aliichukua fikira yake katika vyombo vya magari na ndege, ambavyo hutiwa weusi ili mwanga usiakisi na kumsumbua dereva. Baada yake viwanda vingi vilifuata, na mafundi wakahitaji njia ya kukivisha weusi chuma kile kilichoukataa.

Njia iliyoshinda ni hii. Kasha huwekwa ndani ya chumba cha chuma, na hewa yote hunyonywa itoke. Humo, kipande cha madini hupigwa kwa umeme au kwa joto hata chembe zake ziruke kama moshi usioonekana, nazo hutua juu ya kasha na kulishika. Utando huu huwa na unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita, ambapo unywele wa kichwa chako ni mnene zaidi yake mara nyingi. Nao ni mgumu sana kuliko chuma kilicho chini.

Utando ulio maarufu kuliko yote ni wa kaboni. Ndugu zangu, kaboni ni kitu tunachokijua: ndiyo makaa, ndiyo masizi ya sufuria, ndiyo wino mkavu ulio ndani ya penseli. Na almasi nayo ni kaboni tupu! Tofauti ni mpango wa chembe. Katika penseli chembe zimepangwa matabaka yanayoteleza, na katika almasi zimefungwa pande zote kama matofali yaliyojengwa na fundi hodari. Utando wa saa ni mchanganyiko wa mipango hiyo miwili: mweusi na mtelezo kama penseli, na ugumu wake wakaribia ule wa almasi. Wala kuvisha chombo weusi wa kaboni si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Wafinyanzi wa wafalme wa Buganda na Bunyoro walisugua vyungu vyao kwa jiwe lile lile la penseli, hata vikameta vyeusi kama vimefanywa kwa chuma.

Hata hivyo utando mgumu hauzidi nguvu za kilicho chini yake. Chukua ganda la yai uliweke juu ya ugali wa moto, kisha ulibonyeze kwa kidole: ganda halitavunjika kwa kuwa ni laini, bali kwa sababu ugali umekubali kubonyea. Vivyo hivyo saa ikigongwa juu ya mwamba, chuma hubonyea na utando hupasuka. Tena mahali palipopasuka hapashonwi. Sharti utando wote utolewe na kasha livishwe upya kiwandani. Kama chini yake ni chuma kisichoshika kutu, hasara ni ya sura tu. Kama chini yake ni shaba, au zinki ya bei ndogo, jasho hupata mlango, kama alivyosema yule fundi, na kasha huanza kuliwa. Mara nyingi huwapo pia nikeli katikati, ambayo huwasha ngozi za watu wengine na kuwatoa upele. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa amri mwaka 1994 ya kuipunguza katika vitu vinavyogusa ngozi.

WEUSI WA NDANI HATA NJE

Iko namna ya tatu, ambayo si ya kuvishwa kabisa. Mwaka 1986 kiwanda cha IWC cha Uswisi kilitoa saa yenye kasha la kauri. Unga mweupe wa madini huchanganywa na rangi, hufinyangwa katika kalibu, kisha huchomwa katika tanuru lenye joto lipitalo digrii 1,000, nao hunywea na kuwa mgumu. Weusi wake wafika hata kiini. Ukikwaruza hukuti rangi nyingine. Lakini kauri hufa kifo cha chungu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa gulioni Matema, hawahitaji kufundishwa jambo hili: udongo uliochomwa vema hauozi wala haushiki kutu, ila ukianguka juu ya jiwe, kazi imekwisha.

Na walio wengi kwetu huvaa weusi wa ndani ulio rahisi kuliko huo, yaani wa plastiki. Mwaka 1983 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa saa nyeusi iliyobuniwa na Kikuo Ibe, aliyetaka saa isiyovunjika ikianguka. Mwaka 1989 kampuni hiyo ikatoa saa ndogo iitwayo F-91W, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea duniani kote. Hazijivuni, wala hazina cha kubambuka. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na mkulima wa mpunga anayesimama matopeni huvaa saa kama hizo bila hofu, ingawa mkanda wake hukatika.

NAMNA YA KUITAMBUA

Basi, ndugu msomaji, ukisimama mbele ya muuza saa, usiulize kwanza, "Je, ni nyeusi vizuri?" Uliza, "Weusi huu umezaliwa na chuma, au umevishwa, au umetoka ndani?" Na kama umevishwa, uliza, "Umevishwa nini?" Mwenye duka asipojibu, saa yenyewe itajibu. Tazama pembe zake, na yale masikio yanayoshika mkanda, maana hapo ndipo weusi hutoka kwanza. Tazama ndani ya matundu ya mkanda, mahali ambapo mchovyo wa haraka haufiki vema.

Kisha igeuze usome mgongo wake. Saa nyingi za bei ndogo zimechorwa maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba mgongo ni wa chuma kisichoshika kutu. Wengi wetu husoma tukafurahi. Lakini soma kama mwanafunzi asomavyo mtihani: yamesema mgongo, hayakusema mwili. Mara nyingi ni kweli kabisa: mgongo tu ndio wa chuma hicho, na kasha lote ni la madini mengine. Mimi mwalimu, nifundishaye watoto kusoma kwa uangalifu, nilipitwa na neno hilo moja. Tena usijaribu kuipima saa kwa sumaku, kwa maana sumaku yaweza kuuharibu mwendo wake.

Na kama unayo tayari, ifute jasho kila jioni kwa kitambaa kikavu. Ukirithi saa ya kale ya mfukoni iliyo nyeusi, usiisugue kwa dawa ya kung'arisha. Ipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, yatosha.

JEMBE TENA

Nilipokwisha kujifunza habari za mafundi wa bunduki, nililikumbuka jembe la babu. Nililitoa darini, nikalifuta kutu iliyolegea kwa kitambaa na mafuta, nikaliosha hata mafuta yakaisha. Kisha mbele ya wanafunzi wa darasa la sita tukateka maji ya mvua, tukayachemsha katika sufuria kubwa la shule, na jembe likatiwa ndani. Watoto walinyamaza wakitazama. Baada ya nusu saa tulilitoa. Wekundu uliobaki ulikuwa umegeuka kuwa mweusi, si sawasawa, bali mabaka mabaka. Tulilisugua taratibu, tukalichemsha tena, tukarudia siku ya pili na ya tatu, kisha tukalipaka mafuta.

Sitawadanganya: halikurudi kama lilivyokuwa. Alama za nyundo ya yule mhunzi wa Ukinga, nilizozifuta kwa msasa, hazitarudi kamwe, na jina lake hakuna alijuaye. Lakini masika mawili yamepita tangu hapo, na jembe halijashika kutu jipya. Nilimpelekea babu. Macho yake sasa ni hafifu, kwa hiyo alilipapasa kwa kiganja, toka bega mpaka makali, akasema, "Limevaa."

Wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mimi nimejifunza kuongeza kwamba vyote vilivyo vyeusi usidhani ni uchafu, wala usidhani ni kinga, mpaka umejua weusi huo umeshikana na nini. Nyumbani mwenu, katika dari na pembe za ghala, viko vitu vya chuma vya wazee. Kabla hujachukua msasa, muulize kwanza mwenye umri. Mimi nilikuwa naye nyumba moja, wala sikumwuliza.